Mifupa ya Kwenda Aivali

Ignatis aliitandaza mezani ramani ya mji wa Aivali, ng'ambo Uturuki, akaweka chupa ya pombe ya uzo kwenye pembe moja na sahani ya zeituni kwenye pembe nyingine ili isijikunje, kisha akavaa miwani na kujikohoza. Tangu alipouza lori lake hakuwa na kazi ya maana mikononi, na kupanga safari kulimtia raha ambayo dada yake hakuiona tangu zamani.

"Dada, sogea huku. Tukishuka melini, cha kwanza tunakwenda kuliona lile kanisa lenye saa."

"Siku hizi ni msikiti," alisema Myrsini.

"Haya, msikiti wenye saa. Saa si ni ileile? Halafu tunakunywa chai, tunaingia gulioni. Gulio la Alhamisi la Aivali, wanasema hata maiti anafufuka akanunue taulo." Akaona uso wa dada yake. "Samahani. Mdomo huu! Halafu tunavuka daraja kwenda kile kisiwa chao, tunakula samaki. Alasiri tunapanda kilimani, tukitazame na kisiwa chetu kutoka ng'ambo, tujue na sisi tunaonekanaje."

"Na mama tunamweka saa ngapi?"

Ignatis alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kila mara mazungumzo yalipofika hapo, miwani yake ilichafuka.

Mama yao, Pelagia, alikuwa amelala kwenye makaburi ya juu ya mtaa wa wakimbizi, hapo hapo Mitilini, kisiwani kwao Ugiriki, kwa mwaka wa tatu sasa. Na kaburi la mji ule ni kama chumba cha kupanga: muda ukifika unatolewa, wengine wanasubiri. Jamaa wanakuja na padri na chupa ya divai, mchimbaji anafukua, mifupa inaoshwa kwa ile divai, inawekwa kwenye sanduku dogo lenye jina, na hapo ndipo watu wanasema marehemu amepumzika. Siku ya Pelagia ilikuwa Jumatatu. Meli ya Aivali ilikuwa Alhamisi. Na Jumamosi Ignatis alikuwa anapanda ndege kwenda Melbourne kwa mwanawe, kuishi huko moja kwa moja, kwa sababu nyumba alishaiuza na mke alishamzika. Myrsini hakuwahi kuolewa. Alibaki na mama, akamlea mpaka mwisho, na watu walimsifu kwa jambo hilo kwa namna ile ya kumsifu mtu ambaye hawangependa kuwa yeye.

Pelagia aliletwa kisiwani akiwa mtoto mdogo, kwenye mashua isiyo na paa, mvua ikimnyeshea usiku kucha, mwaka ule Wagiriki wote wa Aivali walipokimbia. Baba yake alichukuliwa na askari wa Kituruki, wala hakuonekana tena. Wenyeji wa kisiwa, Wagiriki wenzao, wakawaita wakimbizi mbegu za Kituruki, na Pelagia akawajibu kwa mawe mpaka alipokua, halafu akawajibu kwa ulimi, ambao ulikuwa mbaya zaidi. Miaka ya karibuni, mpaka wa nchi hizo mbili ulipolegea na majirani wakawa wanavuka kwenda kununua jibini na kupigwa picha, yeye alikataa katakata.

"Niende kwetu kwa tiketi ya mtalii?" alikuwa akisema. "Nipange foleni, nigongewe muhuri, ndipo niuone mlango wa baba yangu? Thubutu!"

Lakini wiki zile za mwisho alimshika Myrsini mkono akamwapisha. "Nikishayeyuka, chukua mfupa mmoja, hata wa kidole, ukanizike kwetu. Nyama usinipelekee. Nyama hii nimeipata hapa, ni ya kisiwa hiki, wabaki nayo. Mifupa nilikuja nayo mwenyewe."

Myrsini akaapa. Na kwa kuwa maishani mwake hakuwa ameahidi vitu vingi, ahadi hiyo moja ilimkaa kooni usiku na mchana.

Nyumba aliijua bila kuiona. Toka kwenye kanisa la Malaika Wakuu, shuka kama unakwenda kwenye kiwanda cha sabuni, na pale upepo wa bahari unapokupiga shavu la kushoto, kata kulia. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akielekeza, na Ignatis alikuwa akiilalamikia ramani kwamba haina mashavu.

"Sawa," alisema sasa, akivaa miwani tena. "Baada ya chai, kabla ya gulio. Tunakwenda mlangoni kwa babu, unajifanya kiatu kinakubana, unainama, unachimba kidogo kwa kijiko. Mimi nasimama mbele yako napiga picha paka. Wako paka wengi kule."

"Na forodhani?"

"Tunamtia kwenye boksi la biskuti za lozi. Wakiuliza, mfupa wa supu."

"We Ignatis, una wazimu?" Alimpiga kofi la bega, kofi la kweli. "Mfupa wa supu! Mama yako huyo!"

"Nami namjua mama yangu. Angecheka."

Ni kweli angecheka, na hilo ndilo lililomfanya Myrsini ageuke dirishani na kujifuta macho kwa kiganja. Alikuwa na furaha, tena furaha yenyewe ilimtisha. Usiku ule alitoa kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe cha kufungia ule mfupa, akakipiga pasi, akakikunja, akakikunjua, akakipiga pasi tena.

Jumatatu kulikuwa na jua kali lisilo na adabu. Padri Efthimios alikuwa na mazishi mengine baadaye na hakulificha hilo. Jirani yao Garifalia alikuja na ubani, kwa sababu Garifalia hakosi pahali popote panapofunguliwa kitu, liwe sanduku la mahari au kaburi. Mchimbaji, Prokopis, alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya timu ya mpira, akafukua taratibu akiwa amesimama mle mle shimoni, na Myrsini akakaa pembeni kaishikilia chupa ya divai kifuani kama mtoto.

Jembe likagonga mbao, mbao ikavunjika kama biskuti iliyolowa. Prokopis akainama, akaitoa vipande vipande. Kisha akaacha kutoa.

"Baba padri," aliita. "Hebu njoo uone."

Padri akachungulia, akarudi nyuma hatua moja. Garifalia akachungulia, akafanya ishara ya msalaba mara nyingi kuliko kawaida.

"Hajayeyuka," alinong'ona, lakini kunong'ona kwa Garifalia husikika mpaka barabarani. "Yesu na Maria. Hajayeyuka! Alikuwa na nini moyoni, masikini? Laana ya nani hii?"

Kwa watu wale hakuna neno baya kuliko hilo. Ardhi ikimkataa mtu, watu huanza kumtafutia dhambi, na wakiikosa huitunga. Myrsini aliona jinsi jioni ile ile mtaa mzima ungekaa kwenye ngazi zao na kumchambua Pelagia kama dagaa. Akapiga moyo konde, akaenda ukingoni akatazama.

Mama alikuwa ndani. Si mifupa. Mama. Amefungwa vizuri toka utosini hadi nyayo ndani ya nailoni nene iliyopiga ukungu kwa ndani, na kamba ya katani kiunoni na magotini, zimefungwa fundo alilolijua.

"Nani kamfunga huyu?" aliuliza Prokopis, si kwa ukali.

"Mimi."

"Kwa nini, dada yangu?"

"Kulikuwa na maji," alisema Myrsini. "Siku tuliyomzika. Mvua ilinyesha wiki nzima, kaburi lilikuwa na maji chini, nyie wenyewe mlikuwa mnayachota kwa ndoo. Mama alikuwa anaogopa kulowa. Tangu ile mashua. Hata kikombe kikimmwagikia alikuwa analia. Nikasema asilowe."

Alikwenda dukani mwenyewe kuinunua ile nailoni, ya kufunikia mabanda ya nyanya, iliyo imara kuliko zote. Watu wa jeneza walimwona akimfunga, wakatazamana, wakainua mabega. Nani atamkataza binti aliyefiwa? Na hakuna aliyemwambia, na yeye hakufikiri, kwamba kinachozuia maji kuingia kinazuia na udongo kufanya kazi yake.

Padri akatazama saa yake.

"Basi si laana," alisema Garifalia, na sauti yake ilikuwa na masikitiko kidogo. "Ni nailoni."

Prokopis akasema ataitoa ile nailoni, amrudishie udongo juu yake bila mbao wala kitu, kisha wangoje. Miaka mitatu mingine, pengine zaidi. Padri akasoma maombi ya haraka. Garifalia akamkamata Myrsini kwapani akampeleka kwenye bomba la maji, akamnawisha uso kwa nguvu kama mtu anayeosha sahani, huku Ignatis akishuka shimoni kumsaidia Prokopis, kwa sababu kazi ile ilihitaji watu wawili.

Aliporudi nyumbani, Ignatis alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Chupa ya divai ya kuoshea mifupa ilikuwa bado imejaa. Akaifungua na kuinywa yote, peke yake, akiwa amesimama jikoni, wala Myrsini hakumkataza.

"Miaka mitatu," alisema Myrsini. "Wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuja."

"Kutoka Melbourne? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Ignatis. Ulipokuwa Athene tu ulishindwa kuja hata kwa Pasaka. Na mimi daktari ameshaniambia kuhusu huu moyo. Ikifika siku yake na mimi sipo, na wewe hupo, unajua wanafanyaje?"

Anajua. Kila mtu wa mtaa ule anajua. Kaburi likikosa mwenyewe siku ya kufunguliwa, mifupa inamwagwa kwenye shimo la wote, kule nyuma ya ukuta, pamoja na ya watu usiowajua. Pelagia, aliyekataa hata kupanga foleni na watu asiowajua.

"Nimemfunga mwenyewe," alisema Myrsini. "Kwa mikono yangu. Nikavuta na kamba." Kisha akalia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi, na Ignatis akakaa pembeni yake asijue pa kuweka mikono yake.

Jumanne hakutaka kusikia habari za safari. Jumatano jioni Ignatis akaja na ramani, akaitandaza tena, safari hii bila uzo.

"Twende tu."

"Kufanya nini? Kununua taulo?"

"Kuujua mlango. Ukiufahamu mlango, siku ikifika utakwenda moja kwa moja, au utamwelekeza mtu. Tiketi tumeshalipa. Halafu dada, mimi Jumamosi naondoka. Sitaki siku ya mwisho na wewe iwe ya kukaa jikoni tunatazamana." Akapitisha kidole chake juu ya ramani, polepole. "Hapa meli. Hapa kanisa. Hapa tunashuka, tunasubiri upepo. Nimeiondoa chai. Nimekiondoa na kisiwa. Nimebakiza mlango tu, na gulio kidogo, kwa ajili ya macho ya watu."

Alikuwa ameirudia mipango yake yote kwa kalamu nyekundu, akakata karibu kila alichokitamani. Myrsini alipoona mistari ile alishindwa kukataa. Akampikia wali wa kabichi, wakala, na Ignatis akaongea sana kuliko kawaida yake, mpaka Myrsini akajiuliza kama ni hofu ya ndege.

Alhamisi asubuhi bandari ilikuwa imejaa watu wenye mifuko mitupu wanaokwenda kurudi na mifuko iliyojaa. Binti wa ofisi ya tiketi alikuwa akiita majina. Upepo ulitoka upande wa ng'ambo, na milima ya Uturuki ilikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuona nyumba. Myrsini aliitazama kwa mara ya kwanza si kama mandhari bali kama mahali pa kufika. Labda Ignatis hakukosea. Labda angeuzoea mlango, akauambia ungoje.

Walipoingia foleni ya pasi za kusafiria, Ignatis aligusa mfuko wa ndani wa koti lake. Akaugusa tena. Joto lote lile, na koti la sufu.

"Una nini humo?"

"Pasi."

"Pasi umeishika mkononi."

Akacheka kicheko kifupi, akamsogelea. "Usipige kelele. Nilitaka nikwambie tukishafika, mlangoni. Nilitaka niione sura yako." Macho yake yalikuwa na furaha ya mtoto aliyeficha zawadi. "Anakwenda kwao, dada. Ninaye."

Myrsini hakuelewa. Kisha akaelewa, na mkono wake ukajitafutia ukuta wa kuegemea.

"Umefanya nini, Ignatis?"

"Hakuumia. Prokopis alikwenda kufuata toroli. Nina kile kisu changu cha lori. Kidole kilitoka chenyewe, nakuapia, kama..."

"Nyamaza."

"Alisema hata kidole. Wewe mwenyewe ulimsikia! Nikajisemea, wewe una moyo mbovu, mimi naondoka, nani atamfungua huyu mwanamke? Nani? Prokopis? Wamtupe shimoni?"

"Alisema mfupa!" Watu wa mbele wakageuka. Akashusha sauti, na sauti iliyoshuka ilikuwa mbaya zaidi. "Alisema nyama asipelekewe. Ulikuwa hapo hapo, umekaa miguuni pake. Mfupa, alisema. Akishayeyuka. Umemkata mama, Ignatis. Umemkata mama yako kama unakata soseji."

"Wewe ulimfunga nailoni!" alisema Ignatis, na papo hapo akaziba mdomo wake kwa mkono.

Foleni ikasogea. Mwanamke mmoja mwenye toroli ya gulioni akawaomba wasogee na wao, basi. Myrsini alinyoosha kiganja. Ignatis alikitazama kiganja kile kwa muda, kisha akaingiza mkono kwenye koti na kutoa kitambaa cheupe kilichokunjwa. Kilikuwa kile ambacho Myrsini alikipiga pasi mara mbili, akakisahau makaburini Jumatatu. Alikipokea, na kilikuwa chepesi, na kwenye tarizi kilikuwa kimelowa.

"Twende nacho," alisema Ignatis. Sasa alikuwa analia waziwazi, mzee mwenye koti la sufu, hajali nani anamwona. "Dada, tafadhali. Kimeshatoka. Hakirudi tena mahali pake. Twende nacho basi, tumzike kwao. Nitachimba mimi."

Alichosema kilikuwa kweli, na Myrsini alijua kuwa ni kweli. Angeweza kupanda meli. Ng'ambo ilikuwa pale pale, na kanisa, na mteremko, na upepo. Lakini alimsikia mama na ule ulimi wake, akiuliza ni nani aliyempeleka kwa baba yake akiwa kipande, na nyama ya kisiwa hiki juu yake.

"Nenda wewe," alisema. "Nenda ukatembee. Tiketi umelipa."

"Nikaone nini mimi?"

"Lile kanisa lenye saa."

Hakulisema kwa ukatili, lakini lilitua hivyo. Akatoka kwenye foleni. Ignatis alimwita kwa jina lake la utotoni, mara moja, kisha binti wa tiketi akamsukuma mbele taratibu pamoja na wengine, naye akaenda kama mtu anayetembezwa. Alipofika juu ya barabara Myrsini aliisikia meli ikipiga honi. Hakugeuka.

Mlima wa kwenda makaburini ulimchukua muda mrefu. Alipumzika kwenye kila ngazi, kile kitambaa amekitia kwenye pochi, pochi ameikumbatia kwa mikono miwili. Prokopis hakuwepo. Kaburi la mama lilikuwa tuta la udongo mpya, laini, bila msalaba bado, na mtu alikuwa ameupigapiga kwa mgongo wa sepetu ukakaa vizuri. Hakuwa na chochote cha kuchimbia. Akapiga magoti, akavua pete yake, akaanza kuchimba kwa vidole.

Udongo wa juu ulikuwa mkavu, wa chini baridi. Alipofika kina cha kiwiko akaona inatosha, mbwa hawatafika. Akafungua kitambaa mapajani. Alikuwa amejiandaa kwa lolote, lakini hakuwa amejiandaa kwa swali hili dogo: akiweke upande gani? Mama alikuwa amelala hapo chini, mkono wa kulia upande ule wa misonobari, wa kushoto upande wa ukuta. Alitaka kukiweka karibu na wenzake, kwenye mkono kilikotoka. Hilo tu, angalau hilo.

Akakitazama. Akakigeuza kwenye jua. Miaka yote ile ya mwisho ni yeye aliyekuwa akimkata mama kucha, kila Jumamosi, beseni la maji ya uvuguvugu mapajani, kidole kimoja kimoja, na mama akilalamika kwamba anamkata hadi nyama. Akajaribu kukishika kama alivyokuwa akikishika siku zile. Akajaribu kwa mkono wake mwingine. Akakilinganisha na vidole vyake mwenyewe, vilivyojaa udongo.

Akatoa simu. Ignatis angejua ni cha mkono upi. Ndiye pekee aliyejua. Akaitazama simu mpaka kioo chake kikazimika chenyewe, akairudisha kwenye pochi.

Akakizika katikati.